Tundu la Ndege

Kiti cha rubani wa ndege ya kivita ya Spitfire kikipunguzwa mara 72 kinakaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho na nafasi inabaki. Geji ya mwendo, ambayo katika ndege yenyewe ina upana wa kama sentimita 8, inakuwa milimita moja na kidogo. Fundi wa modeli hukesha siku mbili tatu juu ya vitu hivi, miwani puani, kibano mkononi, pumzi kaizuia: kuta za kijivu kinachoelekea kijani, dashibodi nyeusi, kiti cha rangi ya udongo mwekundu, mkanda wa begani rangi ya kitani. Kisha anapaka gundi, anaunganisha pande mbili za kiwiliwili cha ndege, anafunika kwa kioo juu, na karibu kila alichokitolea jasho kinaingia gizani.

Mgeni akiona kazi hiyo huuliza swali lilelile: nani atakiona? Mafundi wenyewe hucheka, maana hata wao hawana jibu moja. Lakini mazoea haya yana historia, na historia hiyo inaanza mahali ambapo ndege za mfano hazikuwa na chumba cha rubani hata kidogo.

Kiswahili kina neno linaloubeba mkasa wote, nalo ni tundu. Tundu ni uwazi, kama tundu la sindano. Tundu pia ni makazi ya kiumbe, kama tundu la kuku. Ile sehemu ya katikati ya ndege ya mfano imekuwa yote mawili, na safari ya kutoka maana ya kwanza hadi ya pili imechukua miaka hamsini na zaidi.

Mwaka 1932, nchini Uingereza, James Hay Stevens alibuni modeli za mbao na vipande vya chuma zilizoitwa Skybirds. Mbao haikuwa jambo geni. Jipya lilikuwa kwamba ndege zote, kubwa kwa ndogo, zilitengenezwa kwa skeli moja, 1 kwa 72. Kwa watu waliopima kwa futi na inchi hesabu ilikuwa nyepesi: inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege halisi, yaani mtu mrefu anakuwa inchi moja kamili. Ndege ya kivita na ndege kubwa ya mabomu zikaweza kusimama rafu moja na mtazamaji akaona tofauti yake bila kudanganywa.

Kinachochekesha ni kwamba skeli hiyo inayolingana vizuri hivyo na kimo cha binadamu haikumpa binadamu mahali pa kukaa. Gogo ni gogo. Ukilichonga liwe kiwiliwili cha ndege, halina ndani. Katika modeli nyingi za mbao za zama zile chumba cha rubani kilikuwa shimo fupi lililochimbwa kwa ncha ya kisu, au doa la rangi tu pale kioo kilipotakiwa kuwa.

Ndani ya ndege ilikuja na plastiki. Mwishoni mwa 1936 kampuni ya Kiingereza yenye alama ya Frog, maarufu kwa ndege za kuchezea zilizoruka kweli, ilitoa modeli za plastiki ambazo huhesabiwa kuwa za kwanza duniani kuuzwa zikiwa vipande vya kuunganisha. Zilikuwa tatu: Blackburn Shark, Gloster Gladiator na Hawker Fury. Kwa kuwa hizi hazikuruka, zikapewa jina la Penguin, ndege asiyeruka. Utani huo unanoga zaidi kwa Kiswahili, ambako ndege wa mtini na ndege ya uwanjani ni neno lilelile.

Plastiki haichongwi, humiminwa kwenye kalibu, na kinachotoka ni maganda mawili yanayokumbatiana. Kwa mara ya kwanza ndege ya mfano ikawa na uwazi wa kweli tumboni. Hakuna aliyeupanga uwazi huo kwa ajili ya rubani. Ulitokana na namna ya kazi. Plastiki ya wakati huo, ya selulosi asitati, ilikuwa na tabia ya kujipinda kadiri miaka ilivyopita, na modeli chache zilizobaki leo nyingi zimepindika mabawa. Frog yenyewe iliishia miaka ya 1970, na kalibu zake nyingi zikapelekwa Umoja wa Kisovieti, isipokuwa za ndege za Wajerumani na washirika wao, ambazo Wasovieti hawakuzitaka.

Kabla tundu halijajazwa, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ililifunga kabisa.

Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi hiyo wachonge modeli 500,000 za mbao: aina 50 za ndege, 10,000 za kila aina. Hazikuwa za kuchezea. Zilikuwa za kuwafundisha askari kutambua umbo la ndege angani, wasije wakaipiga ya rafiki na kuiacha ya adui ipite. Skeli ikawa ileile ya 72, kwa sababu nzuri: modeli ikitazamwa kutoka futi 35 kupitia duara la kulengea shabaha, inaonekana kama ndege halisi iliyo mbali karibu nusu maili. Zilipakwa rangi nyeusi mwili mzima, kuanzia pua hadi mkia na kioo cha rubani kikiwemo, kwa kuwa askari aliyetazama juu kwenye mwanga aliona kivuli tu. Huko Chicago, kampuni ya Cruver ikafyatua nyingine za plastiki kwa kazi hiyohiyo. Ni vigumu kupata kitu kilicho mbali zaidi na fundi wa leo anayehangaika na mkanda wa kiti.

Vita ilipoisha, mchezo ukarudi kwa watoto, na bei ndiyo iliyoamua mambo. Airfix ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, Mhungari aliyekimbilia Uingereza, na mwanzoni ilitengeneza vitu vya mpira vya kujazwa hewa, baadaye vitana vya plastiki. Mwaka 1952 ikatoa merikebu ndogo ya Golden Hind kwa ajili ya maduka ya Woolworths. Ili iuzwe kwa shilingi 2, sanduku liliachwa. Vipande vikatiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye karatasi juu. Baadaye ikaja Spitfire kwa mtindo huohuo.

Kwa shilingi 2 hakuna anayekutengenezea dashibodi. Modeli za miaka ile zilikuwa na rubani mmoja wa plastiki, mara nyingi mwenye uso usio na macho, aliyekaa juu ya kijiti au ukingo uliojitokeza ukutani. Kiti hakuna, sakafu hakuna, usukani hakuna. Mtoto akichungulia chini ya miguu ya rubani, aliona hadi mkiani. Mtoto hakulalamika. Alikuwa na haraka ya kuikimbiza sebuleni huku akinguruma.

Aliyeichokoza hali hii, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni mchoraji. Roy Cross alijiunga na Airfix mwaka 1964, na kwa miaka kumi akachora picha za masanduku ambazo watu wazima wa leo bado wanazikumbuka kwa jina la ndege na rangi ya mawingu. Cross alikuwa ametoka kwenye kazi ya michoro ya kiufundi. Alijua kila ribiti inakaa wapi. Kwenye sanduku rubani alikuwa mtu, ameinamia usukani, vioo vinang'aa, moshi nyuma yake. Ukifungua sanduku, unamkuta bwana asiye na macho na kijiti chake. Umbali kati ya kifuniko na kilichomo ndani ulikuwa mkubwa mno, na wale watoto walikuwa wanakua.

Kufikia hapo watu wazima walikuwa wameanza kukutana. Miaka ya mwanzo ya 1960 kikaundwa Uingereza chama cha wapenzi wa modeli za plastiki, IPMS, na matawi yake yakaenea nchi nyingine. Penye chama pana mashindano. Penye mashindano pana majaji. Na jaji hutafuta kosa. Mabawa yakinyooka, na gundi isipovuja, atatazama wapi? Atainama juu ya kioo.

Mwaka 1970 Airfix ilitoa Spitfire ya skeli ya 1 kwa 24. Mabawa yake yalikaribia sentimita 47 kutoka ncha hadi ncha, badala ya 15 na ushee za ile ndogo, na chini ya boneti palikuwa na injini nzima ya Merlin. Kwa ukubwa ule chumba cha rubani hakikuweza kuachwa kitupu. Uongo ungeonekana kutoka mlangoni. Ng'ambo ya bahari, Monogram, iliyoanzia Chicago, ilichukua skeli ya kati, 1 kwa 48, na miaka ya 1970 na 1980 ikajipatia sifa kwa vyumba vya marubani vyenye swichi na geji zilizochomoza kama upele. Vitufe hivyo vilikuwa zawadi kwa mpakaji rangi, kwa sababu vilikubali mbinu mbili zilizobadilisha kazi nzima.

Mbinu ya kwanza ni ya kuzimua. Rangi nyeusi au ya kahawia huzimuliwa kwa thina hadi iwe kama chai ya rangi, kisha humwagwa kidogo juu ya ukuta uliokwisha kupakwa. Inakimbilia kwenye mifereji na pembe, inakauka huko, na kivuli kinapatikana pale ambapo mwanga wa chumba hauwezi kukitengeneza. Ya pili ni ya brashi kavu: brashi inachovya rangi nyepesi, inafutwa kwenye kitambaa hadi ibaki karibu tupu, kisha inapitishwa juujuu. Vilivyochomoza vinashika vumbi la rangi na kung'aa. Vilivyobonyea vinabaki gizani. Kwa dakika chache ukuta wa plastiki wa rangi moja unakuwa chuma kilichopigwa na viatu vya watu. Wasanii wa sanamu ndogo za askari walikuwa wakitumia hila hizi; waliozisambaza kwa watu wa ndege ni pamoja na Sheperd Paine, Mmarekani ambaye vijikaratasi vyake vya mafunzo viliwekwa ndani ya masanduku ya Monogram, na Mbelgiji François Verlinden, aliyekwenda mbali zaidi na kuuza vyumba vya marubani vya resini vilivyokwisha kuchongwa.

Waliokuwa hawana fedha ya resini walitumia jikoni. Karatasi ya risasi iliyofunga shingo ya chupa ya mvinyo ilikatwa vipande vyembamba ikawa mikanda ya kiti. Vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande vya modeli vilipashwa moto juu ya mshumaa na kuvutwa hadi vikawa uzi mwembamba kama unywele: hizo ni nyaya na mabomba. Tone moja la vanishi inayong'aa, likiachwa kwenye geji kwa ncha ya kijiti cha meno, likawa kioo. Mwenye mkono mtulivu alipaka geji nyeusi, akasubiri, kisha akakwaruza mishale kwa ncha ya sindano hadi plastiki nyeupe ikaonekana chini.

Hapo ndipo ugomvi wa rangi ulipoanza, na haujaisha.

Rangi ya ndani ya ndege haikuchaguliwa kwa urembo. Wamarekani walipaka bati la alumini rangi ya kwanza yenye kromati ya zinki ili lisiliwe na chumvi na unyevu. Rangi hiyo kiasili ni ya manjano inayoelekea kijani. Ikitiwa nyeusi kidogo inakuwa kijani cha majani makavu, isiyomwakia rubani machoni. Waingereza walikuwa na kijivu-kijani chao. Wajerumani walitumia kijivu namba 02, kisha kuanzia mwaka 1941 wakahamia kwenye namba 66, kijivu kinachokaribia nyeusi. Huko Japani, ndege ya kivita ya Zero iliyotoka kiwanda cha Mitsubishi haikuwa na kijani sawa na iliyotoka cha Nakajima. Katika ndege za kivita za Kisovieti za baada ya vita, kama MiG-21, mtu anakutana na samawati-kijani ambayo ukiipaka kwa mara ya kwanza unadhani umekosea kopo.

Makopo yenyewe yalitoka mji wa Hull, Uingereza, ambako kampuni ya mafuta ya Humber, iliyoanzishwa mwaka 1919, iligeuka kuwa Humbrol. Vijikopo vyake vya bati vilikuwa na namba, na wapenzi walizijua namba hizo kuliko namba za simu za ndugu zao: 33 ni nyeusi isiyong'aa, 78 ni kijani cha chumba cha rubani. Kizazi kizima kilipaka namba 78 kila kitu kilichokuwa ndani ya Spitfire, kiti kikiwemo. Kumbe viti vingi vya Spitfire havikuwa vya chuma. Vilifinyangwa kwa karatasi iliyoloweshwa resini na kushinikizwa kwa joto, na rangi yao ilikuwa ile ya resini yenyewe, wekundu wa udongo. Sakafu ya ndege ya Kimarekani ya P-51 Mustang nayo ilikuwa mbao. Mambo kama haya yalipoanza kuandikwa kwenye majarida, watu walivunja modeli zao za zamani kwa mikono yao. Kuhusu mtaimbo wa dharura uliokuwa kwenye mlango wa Spitfire, wapo wanaoupaka nyekundu na wapo wanaosema wekundu huo ni wa ndege zilizokarabatiwa baada ya vita. Wazee wawili wanaweza kumaliza chai nzima juu ya jambo hilo.

Kuna jirani mmoja wa kazi hii ambaye hatajwi mara nyingi. Geji halisi zilipakwa na watu pia. Kuanzia 1917, huko Orange, New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa na geji, za ndege zikiwemo, kwa rangi yenye radiamu ili zing'ae usiku. Walifundishwa kuinoa ncha ya brashi kwa midomo. Radiamu ikawaingia mifupani, taya zikaoza, wengi wakafa. Watano wakaishtaki kampuni iliyowaajiri na shauri likamalizwa kwa fidia mwaka 1928. Mpaka leo geji za vita zinazouzwa minadani zinaweza kupimwa mionzi. Na mpaka leo mafundi wengi wa modeli huinoa brashi kwa midomo, kwa mazoea tu, wakipaka geji zilezile mara 72 ndogo. Rangi zao hazina radiamu, lakini tabia hiyo ni mbaya na inafaa iachwe.

Hatua iliyofuata ya kulijaza tundu haikutoka London wala Chicago. Mwaka 1989, mwaka ambao utawala wa kikomunisti uliporomoka Czechoslovakia, Vladimír Šulc alianzisha kampuni ya Eduard. Makao yake yako Obrnice, karibu na mji wa Most, na sifa yake ilijengwa juu ya bati jembamba la shaba. Bati hilo hupakwa dawa inayoitika mwanga, hufunikwa kwa filamu yenye mchoro, humulikwa, kisha huoshwa kwa kemikali inayokula pale pasipolindwa. Kinachobaki ni dashibodi yenye matundu ya geji, pedali, bizimu za mikanda, vishikio, vyote vyembamba kuliko plastiki inavyoweza kumiminwa. Baadaye Eduard ikaanza kuvitoa vikiwa vimechapwa rangi tayari. Geji ya milimita moja sasa ina namba.

Wajapani walipita njia nyingine. Tamiya ya Shizuoka ilianza mwaka 1946 ikiwa kampuni ya mbao, ikaunguliwa na moto mwaka 1951, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato. Ilipofika kwenye Zero ya skeli ya 1 kwa 32 mwaka 2000, na Spitfire ya skeli hiyohiyo mwaka 2009, chumba cha rubani kilikuwa kimekwisha kuwa sura ya kwanza ya karatasi ya maelekezo. Fundi anaanzia hapo. Anajenga kiti, kuta, pedali na usukani siku nyingi kabla hajagusa bawa, kama mtu anayejenga nyumba kuanzia kitandani.

Siku hizi hata brashi inasukumwa pembeni. Quinta Studio ya Urusi na wenzake wanachapisha vibandiko vyenye kina: unachovya majini, unatelezesha mahali pake, na dashibodi imekaa, swichi zikiwa zimechomoza na vioo vya geji viking'aa. Matokeo ni mazuri kuliko mkono wa watu wengi. Wapo wanaoona hiyo ni kuiba mtihani. Mwandishi huyu haoni wizi, ila anaona kitu kimoja kimepotea: vile vyumba viwili visivyofanana vya Spitfire mbili zilizopakwa na watu wawili. Vibandiko vya kiwanda kimoja hufanana.

Majaji bado hubeba tochi ndogo mfukoni. Huinama, huelekeza mwanga kupitia kioo cha milimita chache, na kwa sekunde tano rangi ya kijivu-kijani, kiti chekundu na mkanda wa kitani vinarudi kwenye mwanga. Kwa hiyo ukikaribishwa siku moja nyumbani kwa mtu mwenye rafu ya ndege hizi, usianze kusifu mabawa. Mwombe tochi.